Daftari si ndoo ya kutapikia

Nimetumiwa tena ule ujumbe wa WhatsApp: andika maumivu yako yote, choma karatasi, umepona. Safari hii kanitumia mchungaji ninayemheshimu, na emoji ya moto juu yake. Basi leo niseme, maana mimi ni mshauri nasaha, na wateja wangu wanafika na kaunta buku zimejaa hadi kwenye jalada na usingizi bado hawaupati.

Kuandika kunasaidia. Hilo silipingi, wateja wengi nawaandikisha mwenyewe. Ninachokataa ni hiyo imani kwamba kiwewe, yaani jeraha la moyo baada ya mkasa, ni kitu kibovu kilichokaa tumboni, ukishakitapika basi. Jaribio lililoanzisha habari hizi ni la wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall, Marekani, 1986. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Kuna walioandika hisia tupu kuhusu mkasa uliowapata, kuna walioandika mkasa bila hisia, kuna walioandika vyote viwili, na wengine mambo ya kawaida tu. Waliopunguza kwenda zahanati ya chuo miezi iliyofuata ni hasa wale wa vyote viwili. Na walipoweka tu kalamu chini walikuwa na huzuni zaidi, si wepesi! Kwa hiyo ukimaliza kuandika ukajisikia vibaya, hujakosea kitu. Nenda kaoshe vyombo, kesho endelea.

Hizo siku nne nazo watu hawazioni. Anayeandika kisa kilekile kila usiku, miezi na miezi, kwa maneno yaleyale, anajizoeza kuumia. Mteja akiniruhusu kusoma, mimi sitafuti machozi, natafuta sentensi zinazobadilika. Siku ya kwanza ni "alinipiga, alinipiga, alinipiga". Sawa. Lakini siku ya tatu nataka nione saa ngapi, chumba gani, nani alisimama mlangoni. Nataka nikute "kwa sababu", nikute "ndipo nikaelewa", nikute "mama naye aliogopa". Pennebaker na wenzake walipohesabu maneno waliona hivyohivyo: waliopata nafuu ni wale ambao maneno ya sababu na ya kuelewa yaliongezeka siku hadi siku. Ukilia kurasa kumi bila "kwa sababu" hata moja, hapo bado hatujaanza.

Kuhusu kuchoma, choma ukitaka. Mumeo hatasoma uliyoyaandika, wala mawifi, na kwenye nyumba zetu hilo si jambo dogo. Moto wenyewe hauna dawa.

Na tukio la juzi liache kwanza. Matanga hayajaanuliwa, wewe unamkabidhi mfiwa kalamu?

Nisiuze nisichokuwa nacho, lakini. Mwaka 2006 mtafiti Joanne Frattaroli alijumlisha tafiti 146 za kuandika namna hii: faida ipo, ila ndogo. Kwa nini ipo, tunabishana hadi leo. Sina hakika kama kinachotibu ni maandishi au ni kule kukaa na jambo bila kulikimbia. Leo naelemea la pili, kesho sijui. Ila anayeona tukio upya mchana kweupe, anayeruka kwa mshtuko mlango ukigongwa, huyo asijifungie chumbani na kalamu peke yake. Tiba ya kuandika yenye msimamizi ipo. Ile ya Denise Sloan na Brian Marx ni vikao 5, mteja anaandika nusu saa, na utafiti wao wa 2018 ulionyesha haikuachwa nyuma na tiba nyingine ya kiwewe ya vikao 12.

Halafu kuna wanaoniambia hii ni tiba ya waliosoma. Frank Neuner na wenzake walitibu wakimbizi wa Rwanda na Somalia kambini Nakivale, Uganda, kwa simulizi, na washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi. Katika tiba hiyo mgonjwa anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mshauri ndiye anayeandika. Kikao kinachofuata anasomewa, anasahihisha, wanaendelea walipoishia. Mwisho anakabidhiwa simulizi nzima, ni yake. Akija kwangu mtu asiyejua kuandika, kalamu naishika mimi.