Jamu kufika: hatua ya kuganda, na kwa nini Mbeya hatufuati namba za pwani

Hatua ya kuganda ni ule wakati ambapo matunda na sukari yaliyoko motoni yameshapoteza maji ya kutosha, kiasi kwamba yakipoa yatashikana yawe jamu badala ya kubaki sharubati nzito. Hutaiona jamu ikiganda jikoni. Iliyofika bado inamiminika, na huendelea kushikana ndani ya chupa mpaka kesho yake. Hapo ndipo wengi wanaolima stroberi na forosadi nyuma ya nyumba huku Mbeya, Iringa na Njombe wanapoipitisha: wanaiona nyepesi, wanaongeza mkaa, na asubuhi kijiko kinasimama wima kwenye chupa.

Kinachogandisha ni pektini, ikisaidiwa na asidi na sukari. Pektini ni nyuzi ndefu sana, zisizoonekana kwa macho, zinazoshikilia seli za tunda zisiachane. Tunda likianza kuiva, pektini hulegea na kuyeyuka kwa urahisi. Likiiva kupita kiasi, vimeng'enya vya tunda lenyewe huikatakata vipande vifupi visivyofaa tena. Kwa hiyo stroberi zilizolainika sana, zile unazotaka kuziokoa zisioze, ndizo mbaya zaidi kwa jamu. Changanya na chache ambazo bado zina weupe karibu na kikonyo.

Tunda likichemka, pektini hutoka na kuingia kwenye maji. Nyuzi zake haziwezi kushikana hapo, kwanza kwa sababu zina chaji hasi na zinasukumana, pili kwa sababu kila uzi umezungukwa na maji. Asidi ya limau hupunguza ile chaji, na sukari huvuta maji kwake. Nyuzi zikikaribiana hufungamana kama wavu, na maji yaliyobaki hunaswa humo. Ikipungua moja kati ya pektini, asidi na sukari, wavu haufungi, hata uchemshe mpaka jioni. Na kuchemsha muda mrefu nako huivunja pektini, kwa hiyo moto mkali wa muda mfupi kwenye sufuria pana ni bora kuliko moto mdogo wa saa nzima.

Stroberi ina pektini kidogo. Forosadi iliyoiva ina kidogo pia, na asidi yake ni haba. Bahati nzuri ukanda wetu una dawa yake: matufaha, au epo kama yanavyoitwa sokoni, yanayolimwa Njombe na Makete. Tufaha moja ambalo halijaiva vizuri, likikwaruzwa na ganda lake, linatosha kuipa nguvu kilo moja ya stroberi. Mbegu za limau na ule weupe wa ndani ya ganda navyo vina pektini nyingi. Vifunge kwenye kitambaa safi, vichemke pamoja na matunda, kisha ukamue kitambaa na kukitoa kabla ya kutia sukari. Sukari isiingie mapema, kwa sababu hukaza ngozi ya matunda.

Sasa hili la mwinuko, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Vitabu na video nyingi za mapishi zinasema jamu imefika kipimajoto kikisoma nyuzi joto 105. Namba hiyo ni sahihi kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam. Usawa wa bahari maji matupu huchemka nyuzi 100, na sukari ikiyeyuka ndani yake huyafanya yahitaji joto zaidi ili yachemke. Sukari inapofikia gramu 65 katika kila gramu 100 za mchanganyiko, kiwango ambacho jamu hushikana vizuri, joto la kuchemka huwa limepanda nyuzi 4 hadi 5 juu ya lile la maji. Cha kushika ni hiyo tofauti.

Mbeya mjini ni mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia 2,000. Mgandamizo wa hewa ni mdogo huku, na maji huchemka mapema: joto la kuchemka hushuka kama nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Maji ya Mbeya huchemka nyuzi 94 na kitu, kwa hiyo jamu ya Mbeya imefika kwenye nyuzi 99 hivi. Anayesubiri 105 anaendelea kufukuza maji mpaka sukari inafika kama gramu 80 kwa kila 100. Anachopata ni kitu cha kahawia, kinachonata menoni, na harufu ya stroberi imeshakwenda na mvuke. Kabla ya kuanza, chemsha maji matupu, soma kipimajoto chako, kisha ongeza nyuzi 4 na nusu. Hiyo ndiyo namba ya jikoni kwako.

Huna kipimajoto? Tumia mizani, ambayo kwangu ndiyo njia ya kuaminika kuliko zote kwa sababu haijali mwinuko. Pima sufuria tupu. Tia kilo moja ya stroberi na gramu 800 za sukari. Stroberi zenyewe zina sukari yao, tuseme gramu 50, kwa hiyo sukari yote ni gramu 850. Ili hizo ziwe 65 kwa kila 100, jamu yote inatakiwa ibaki kilo 1.3. Epua, pima, toa uzito wa sufuria. Ikiwa bado ni kilo 1.5, rudisha motoni, ikishafika 1.3, acha hapo hapo.

Macho nayo yanasaidia. Mwanzoni povu hupanda juu, jepesi, la waridi, na linaweza kufurika. Baadaye hushuka, mapovu huwa makubwa na mazito, yanapasuka polepole, na uso wa jamu unang'aa. Inua mwiko uulaze: matone mawili yakikutana ukingoni na kuanguka kwa pamoja kama utando, umekaribia. Hapo weka tone kwenye kisahani cha baridi. Juni na Julai huku huhitaji friji, kisahani kilicholala dirishani kinatosha. Subiri dakika moja, sukuma tone kwa kidole. Uso ukikunjamana, imefika. Sufuria iwe imeepuliwa wakati wote unapopima, maana jiko la mkaa halizimiki kwa kugeuza kitufe, na dakika mbili za ziada zinatosha kuiharibu.

Chupa zijazwe jamu ikiwa ya moto, zifunikwe, kisha zichemshwe ndani ya maji. Mwinuko unahusika hapa pia, kwa sababu maji yetu hayafiki nyuzi 100: chupa ndogo ambazo pwani huchemshwa dakika 5, kati ya mita 300 na 1,800 zichemshwe dakika 10, na juu ya hapo, kama Njombe, dakika 15.

Ikiwa siku ya pili bado inamwagika, irudishe kwenye sufuria, kamulia limau, ichemke kwa nguvu dakika chache, na uijaribu tena kwenye kisahani. Iliyopita kiasi haina tiba ya kweli. Maji ya moto kidogo yataifanya ipakike kwenye mkate, lakini rangi na harufu havirudi.