Ubao wa injini kwenye boti ya alumini: yanayosemwa mwaloni na ukweli wake

Hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, boti nyingi ni za mbao, na mafundi wa mbao tunao, tena hodari, kuanzia Kibirizi hadi Katonga. Boti ndogo za alumini ni chache, kwa hiyo mengi tunayoambiana juu yake ni ya kusikia. Nimebadilisha ubao wa injini wa boti yangu mara mbili, na mara ya kwanza nilifuata hayo ya kusikia.

"Boti ya alumini haiozi."
Bati lenyewe haliozi. Lakini ni jembamba, haliwezi peke yake kubeba mashine inayosukuma, ndiyo maana nyuma kabisa, pale mashine inapobanwa, boti nyingi za aina hii zimewekewa plaiwudi iliyofunikwa na bati. Huo ndio ubao wa injini. Maji huingia kupitia matundu ya bolti na kando ya kizibo cha kutolea maji. Mtumbwi ukilowa, jua linaukausha. Ubao huu umefungiwa, unakaa na unyevu wake mwaka mzima.

Yangu kwa nje ilikuwa safi, rangi haijabanduka. Siku moja nikashika kichwa cha mashine nikakivuta kuja kwangu, nikaona nyuma yote inacheza. Nilipofungua bolti ya chini yakachuruzika maji rangi ya chai ya mkandaa. Nikachomeka bisibisi kwenye tundu, ikazama hadi kwenye mpini. Na usiku wa jana yake nilikuwa mbali na nchi kavu, kwenye ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400.

Basi kabla ya kutoka, vuta mashine mbele na nyuma. Bati likikunjika hata kidogo, usitoke.

"Nunua marini bodi, ndiyo ya majini."
Hili ndilo lililonigharimu. Ile bodi inayong'aa, nyeusi au ya kahawia, wanayoiita marini bodi madukani, kwa kawaida ni ya kumwagia zege. Uso wake unazuia maji, ila ukishaikata, kingo zinakunywa maji kama sifongo. Na ule uso unaong'aa haushiki gundi: nilibandika shiti mbili pamoja, mvua za msimu mmoja tu zikatosha kuziachanisha. Muuzaji aliniapia kwamba ni ya boti. Nadhani naye aliamini jina.

Hata plaiwudi halisi ya boti si kwamba haiozi. Ubora wake ni gundi isiyoachia kwenye maji na tabaka zisizo na mapengo ndani; dawa ya kuzuia kuoza kwa kawaida haina. Kinachoilinda ni epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka na kuwa ngumu, utakayoipaka wewe, na hasa kwenye kingo na matundu. Toboa kila tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, subiri ikauke na kuwa ngumu, kisha toboa tena katikati kwa saizi ya bolti. Hapo bolti inapita ndani ya epoksi, haigusi mti kabisa. Inachosha, na fundi mwenye haraka atakwambia si lazima. Ni lazima.

"Weka mbao iliyotiwa dawa, haitaoza milele."
Zile mbao za kijani za kupaulia nyumba zina dawa yenye shaba. Shaba na alumini zikikutana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa: vitundu vidogo vidogo, kisha bati linatoboka. Usijipe moyo kwamba maji yetu si ya chumvi kama ya bahari. Tanganyika ina madini yaliyoyeyuka mengi kuliko Ziwa Victoria. Kwa sababu hiyo hiyo skrubu za shaba ni mwiko, na bolti za stenlesi ziwekewe washa za plastiki na siilanti, yaani dawa ya kuziba maji, zisigusane na bati. Mabaki ya mbao hizo yasiende jikoni wala kwenye kukaushia samaki. Zipo zenye dawa ya sumu, na moshi wake ni hatari kwa watoto.

"Mninga unashinda plaiwudi."
Naupenda mninga, na kwa kutooza una sifa yake. Lakini ubao mmoja una uzi wa mti unaokwenda upande mmoja, na mashine ikivuta kwa nguvu unaweza kupasuka kufuata uzi. Plaiwudi tabaka zake zimepishana.

"Ukiwa mnene zaidi ni bora."
Pima wa zamani, hata kama umeoza. Mara nyingi ni kama milimita 38, yaani shiti mbili za 18 au 19. Ukizidisha, vibano vya mashine havitaingia na bati halitarudi mahali pake. Kimo nacho usikibadilishe, mashine ya shingo fupi inataka kama sentimita 38.

"Silikoni ya madirisha inaziba."
Inabanduka, na ile inayonuka siki inaidhuru alumini. Tafuta siilanti ya poliyurethani.

Mara ya pili niliifanya kazi hii ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kiangazi chote ubao ulikaa kivulini ukikauka kabla ya epoksi, kwa sababu ukiupaka mbichi unafungia maji ndani kwa mkono wako mwenyewe. Baada ya safari chache za kwanza nilikaza tena nati zote. Mbili zilikuwa zimelegea, zote za chini, karibu na kizibo.