Mnayasingizia Meno: Kuhusu Zipu ya Turubai la Nyuma ya Gari

Jumamosi iliyopita alinijia kijana anayekodisha gari kwa wageni, turubai la nyuma amelikunja begani kama mkeka. Kabla hajalitua alikwishatoa hukumu: "Fundi, meno yamekwisha. Fumua zipu zote mbili, utie mpya." Nilipomuuliza ni nani aliyemwambia kwamba meno yamekwisha, alinijibu kuwa hilo kila mtu analijua. Alikuwa wa nne kwa mwezi huu, na ndiyo maana nimekaa kuandika, kwa sababu nimechoka kulieleza jambo lile lile huku cherehani imesimama na mwenye makochi ananitazama.

Turubai lenyewe ni la kawaida hapa Unguja, lile la gari ndogo zenye paa la kukunja, ambalo kipande chake cha nyuma kina dirisha la plastiki, hufunika sehemu ya mizigo, na hufungwa kwa zipu mbili, moja kulia na moja kushoto. Nyingi ya zipu hizo ni namba 8 au namba 10, na kwa asiyejua, namba hiyo ni upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa makadirio ya milimita. Kwa hiyo zipu ya suruali na zipu ya turubai haziko katika ukoo mmoja, na anayeniletea kichwa, yaani kile kipande unachokivuta kufunga na kufungua zipu, alichokichomoa kwenye begi la shule la mtoto ananipotezea asubuhi.

Nililitandika turubai mezani nikaifunga zipu ya kushoto taratibu. Kichwa kilipanda vizuri bila kukwama, lakini nyuma yake meno yakaachana kana kwamba hayajawahi kujuana. Nilikirudisha chini nikapandisha tena, na safari hii meno yakaachana mahali pengine, shibiri moja juu ya pale pa mwanzo. Kwangu mimi uchunguzi ulikuwa umekwisha. Zipu inayofumuka leo hapa na kesho pale, popote kichwa kinapopita, ina ugonjwa wa kichwa. Zipu inayofumuka mahali pale pale kila mara, hata ukiifunga mara kumi, ndiyo yenye ugonjwa wa meno, au wa utepe ulioyashika meno. Jaribio hili halihitaji chombo chochote wala halihitaji fundi, lakini sijapata mteja mmoja aliyelifanya kabla ya kuniambia nifumue.

Watu huyasingizia meno kwa sababu meno ndiyo wanayoyaona yakiachana. Lakini meno hayajifungi yenyewe. Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi Marekani, alibuni mwaka 1913 zipu ya meno tuliyoirithi sisi, na siri yake ni kwamba kila jino lina kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili, na kinundu hakiwezi kuingia kishimoni isipokuwa kimeletwa kwa pembe yake na kusukumwa kwa kiasi chake. Anayeleta na kusukuma ni kichwa. Mbele kina midomo miwili ambamo pande mbili huingia zikiwa zimeachana, katikati kina kabari inayozitenga, na nyuma kina mdomo mmoja ambamo pande zote mbili hutoka zikiwa zimeshikana. Kuta za mdomo huo wa nyuma ndizo zinazoyabana meno yakakumbatiana. Zikitanuka kidogo tu, hata kwa unene wa karatasi chache, meno yatapita kama watu wanaopishana uchochoroni bila kusalimiana.

Na kuta hizo lazima zitanuke. Jino linapita mara moja kila unapofunga, lakini kichwa hupitiwa na meno yote, mamia kwa mamia, pamoja na mchanga uliokaa katikati yao. Tena vichwa vingi vya bei nafuu hutengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki, ambao ni madini laini, na hewa yetu ya chumvi huyala yakatoa unga mweupe. Ukiona unga huo ndani ya kichwa, usiniulize kuhusu meno.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni plaizi. Kubana kichwa kwa plaizi ni dawa ya kweli na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mahali watu wanapobana. Kwa kuwa midomo miwili ya mbele ni mipana na inaonekana, mtu huibana hiyo, kisha zipu inagoma kabisa kupanda kwa sababu ameziba njia ya kuingilia, naye ananiletea akisema kwamba amejaribu kila kitu. Wengine hubana katikati, juu ya kabari, ambapo hakuna cha kubanwa. Panapobanwa ni nyuma, kwenye kuta mbili za mdomo mmoja, yaani upande ambao meno hutokea yakiwa yameshikana. Kichwa kiwe kimerudishwa mwanzo wa zipu, mahali pasipo na mvutano. Bana ukuta wa kushoto kidogo, kisha wa kulia kidogo, kwa kiasi kile kile, halafu jaribu kufunga. Bado yanaachana? Rudia kidogo tena. Ninaposema kidogo nina maana ya mkono kuhisi chuma kimekubali, si jicho kuona kimepinda, kwa sababu kikipinda mpaka ukaona, umekwishazidisha. Ukibana upande mmoja zaidi ya mwingine, kichwa kitakwenda upogo na kuanza kuutafuna utepe. Zinki nayo haisamehe kama chuma, kwani huvumilia mara mbili tatu kisha huvunjika vap, na kipande kikabaki kwenye mdomo wa plaizi. Nimevunja vichwa vingi kuliko ninavyopenda kukiri, kimojawapo mbele ya mwenyewe aliyekuwa ananipigia hadithi ya fundi aliyemharibia kazi.

Dawa hii hudumu muda gani? Hapa sijui, na anayedai kujua namtilia shaka. Nimebana kichwa kikakaa zaidi ya mwaka, na nimebana kingine, aina ile ile, kikarudi kabla mwezi haujaandama. Nadhani tofauti ni kiasi ambacho ndani kilikuwa kimekwishaliwa, lakini ndani ya kichwa hakuonekani mpaka ukikate, na ukishakikata hakuna tena cha kubana. Kwa hiyo siku hizi nabana pale tu ambapo mteja anasafiri jioni ile ile. Mwingine namtilia kichwa kipya, ambacho bei yake haifiki bakuli la urojo.

Kukibadilisha ni kazi fupi. Zipu hizi zina kisanduku na pini upande wa chini, pini ikiwa ile ncha ya upande mmoja inayochomekwa ndani ya kisanduku cha upande wa pili, na kichwa hukaa upande wenye kisanduku. Sikivuti kwa nguvu, kwani nguvu hiyo ndiyo ing'oayo meno mazima, bali nakikata kuta zake kwa plaizi ya kukatia mpaka kianguke vipande viwili. Kisha nang'oa kizuizi cha juu cha upande huo, nateremsha kichwa kipya kutokea juu mpaka kigote kwenye kisanduku, na badala ya kile kizuizi napiga mishono sita saba ya uzi mnene wa poliesta papo hapo. Asitumie mtu uzi wa pamba juani, nisije nikamwona tena.

Kwenye kuchagua kichwa ndipo watu wanapojikwaa. Geuza kichwa cha zamani utazame mgongoni, mara nyingi namba imeandikwa pale. Namba peke yake haitoshi. Zipu ya springi, yaani ile ambayo meno yake ni uzi mnene wa plastiki uliozungushwa, haitumii kichwa cha zipu ya meno ya plastiki yaliyotengana, hata kama zote ni namba 10, na mbili hizo hazitumii kichwa cha zipu ya chuma. Hata ukipatia aina na namba, kichwa cha kiwanda kimoja huweza kulegea au kukaba kwenye zipu ya kiwanda kingine. Mimi naagiza vichwa Kariakoo vya namba ile ile kutoka mafungu matatu tofauti, kisha najaribu kimoja kimoja mpaka nipate kinachoteleza bila kucheza. Hakuna elimu hapo, ni kubahatisha kwa subira.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Mafuta ya injini yanateleza vizuri kwa siku tatu, kisha yanakusanya mchanga yakawa msasa. Osha zipu kwanza kwa maji baridi, sabuni na mswaki, iache ikauke, kisha pitisha mshumaa. Zamani nilikuwa naapa kwa mshumaa. Sasa nashuku kwamba nusu ya nafuu niliyokuwa nikiuhesabia ilitokana na kule kuosha.

Lipo pia jambo ambalo si la kichwa wala la meno, nalo ni turubai lililosinyaa. Plastiki iliyopakwa kwenye turubai hupoteza ulaini wake kwa miaka ya jua, ikawa ngumu na fupi, hata kingo mbili zikawa hazikutani bila kuvutwa. Mwenye gari hufunga vifungo vya kubonyeza kwanza, turubai likakaza kama ngozi ya ngoma, ndipo avute zipu kwa mikono miwili, akiifanya kazi ambayo haikuumbiwa. Funga zipu kwanza, vifungo baadaye, na mkono mmoja uzilete kingo pamoja mbele ya kichwa. Asubuhi turubai likiwa gumu, liache lipate jua kidogo kabla ya kulivuta.

Nirudi kwa kijana wangu. Zipu ya kushoto niliikata kichwa mbele yake, nikamwonyesha ule unga mweupe na jinsi kuta zilivyolika zikawa nyembamba kama makali ya kisu, nikatia kipya, ikafunga mara kumi mfululizo. Nikajisikia mwalimu. Kisha nikaipandisha zipu ya kulia, ambayo, nakiri, sikuwa nimeijaribu kabla ya kuanza mhadhara, ikafumuka. Nikarudia, ikafumuka pale pale. Nikarudia tena, pale pale, karibu na kona inayotazama jua wakati gari limeegeshwa. Nikapitisha ukucha kwenye mshono unaoishikilia springi kwenye utepe, na uzi ukatoka unga. Springi ilikuwa imejitenga na utepe kwa kiasi cha urefu wa kidole, na hapo hata ukilitia turubai kichwa cha dhahabu hakitaokota meno yasiyokuwepo mahali pake. Nikakwaruza chini zaidi, mahali ambapo macho hayakuona kasoro yoyote, na pale nako uzi ukatoka.

Kijana hakusema kitu mpaka nilipochukua kifumulio. "Si nilikwambia, fundi?" Nilimjibu kwamba alichoniambia ni meno, na hili ni jua. Akacheka, nami nikaifumua zipu ya kulia yote, kama alivyotaka tangu mwanzo.