Nyumba ya wageni kaskazini ya mbali: mimi huanza chini ya sakafu

Watu hupenda kunitumia picha za nyumba za wageni za kaskazini: ukuta mzima wa kioo, theluji hadi upeo wa macho, mianga ya kijani angani. Kisha huniuliza kama nyumba hiyo ni rafiki kwa mazingira. Picha ya namna hiyo hainisaidii kujibu. Nataka kuona chini ya sakafu, mahali ambapo wapigapicha hawainami.

Chukua Juvet, hoteli ndogo iliyo Valldal, magharibi mwa Norwei. Njia ya kawaida ingekuwa kulipua mwamba kwa baruti, kusawazisha, kumwaga jamvi la zege na kupanga vyumba vyote chini ya paa moja. Wasanifu wake, Jensen & Skodvin wa Oslo, waliamua kutawanya vyumba, kila kimoja kibanda chake, na kuvisimamisha juu ya nondo nene za chuma za milimita 40 zilizozamishwa kwenye mwamba uliotobolewa kwa keekee. Mawe na mimea vikabaki karibu vilevile vilivyokuwa. Ndani, mbao zilipakwa mafuta yenye rangi nyeusi ili kioo kisirudishe taswira ya chumba, na hakuna chumba kinachochungulia kingine.

Kwangu nondo zile ni muhimu kuliko kioo chote cha Juvet. Mimea midogo inayotambaa juu ya mwamba wa kaskazini hukua milimita chache tu kwa mwaka. Ukiikwangua kwa katapila, wewe uliyeijeruhi hutaishi kuiona ikirudi. Mwamba uliolipuliwa ndio haurudi kabisa. Tena zege linalomwagwa kwenye baridi kali lazima lifunikwe na kupashwa moto hadi lishike, kwani maji yake yakiganda mapema, nguvu yake imekwisha. Kila mfuko wa saruji usioletwa huko ni mafuta ya meli na ya lori yaliyookolewa.

Ukisogea juu zaidi, hadi mji wa Longyearbyen kwenye visiwa vya Svalbard vya Norwei, latitudo ya 78 kaskazini, suala la msingi linakuwa la kufa na kupona kwa jengo. Ardhi ya huko imeganda mwaka mzima, isipokuwa tabaka la juu linaloyeyuka kiangazi. Nyumba yenye joto ikikalia ardhi hiyo moja kwa moja, joto hupenya sakafuni, barafu iliyoshikamanisha udongo huyeyuka, na pembe moja ya nyumba huanza kuzama. Ndiyo sababu majengo mengi ya huko husimama juu ya nguzo, hewa baridi ikipita chini yake. Uwazi ule ni sehemu ya msingi. Anayeuziba kwa mbao ili apate stoo anajichimbia shimo. Na kwa kuwa Svalbard ni miongoni mwa sehemu zinazopata joto kwa kasi kubwa duniani, nguzo za sasa hupelekwa chini zaidi kuliko za zamani.

Baada ya sakafu, nageukia ukuta. Mgeni ameingia na nguo zimelowa, ameoga maji ya moto, ameanika soksi kwenye hita. Ndani ni nyuzi 20, nje nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke wote huo unatafuta pa kutokea, na tundu dogo la waya wa soketi linautosha. Ukishaingia ndani ya ukuta hukutana na baridi, hugeuka maji, kisha barafu katikati ya kihami joto, yaani nyenzo inayojazwa ukutani ili joto lisitoke. Majira ya kuchipua yakifika barafu inayeyuka na mbao zinaanza kuoza kimyakimya. Kinga yake ni utando wa kuzuia mvuke upande wa joto, viungo vyake vyote vikiwa vimezibwa kwa utepe wa gundi. Kabla ukuta haujafungwa tunaweka feni kubwa mlangoni na kuvuta hewa ya ndani, nami napitisha kiganja polepole kwenye kila pembe, kila fremu, kila waya. Kiganja huhisi uzi wa baridi ambao jicho haliuoni. Kiwango cha nyumba tulivu (Passivhaus), yaani nyumba inayohitaji joto kidogo sana, kilichoanzia Ujerumani, hakiruhusu hewa inayovuja kuzidi 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa, feni ya kipimo ikiweka shinikizo la paskali 50. Hewa safi huingizwa kwa mtambo unaorudisha ndani sehemu kubwa ya joto la hewa inayotoka.

Kuhusu kioo nitasema machache. Hata kile cha matabaka matatu hupoteza joto mara nne au tano zaidi ya ukuta mzuri, na kule Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, kwa hiyo kipindi hicho dirisha la kusini halikuletei chochote. Dirisha moja kubwa, lililolengwa vizuri, linatosha.

Theluji nayo inaweza kuwa rafiki. Msanifu Ralph Erskine alibuni hoteli huko Borgafjäll, kaskazini mwa Uswidi, yenye paa linaloshuka hadi ardhini, na theluji inayotulia juu yake huhifadhi joto.

Kisha kuna watu wa mahali penyewe. Kisiwa cha Fogo, Kanada, kilikuwa tayari kinapoteza watu wake serikali ilipofunga uvuvi wa samaki waliokuwa tegemeo kuu la eneo hilo mwaka 1992. Hoteli ya Fogo Island Inn, kazi ya msanifu Todd Saunders, ilifunguliwa mwaka 2013 ikiwa na vyumba 29. Husimama juu ya miguu kama mabanda ya wavuvi wa hapo, samani na mablanketi ya viraka yametengenezwa na wenyeji, na faida hurudi kwa jamii. Nauona uendelevu hapo kuliko kwenye mtambo wowote wa kisasa unaohitaji fundi aje kwa ndege.

Kwa hiyo mteja wangu kwanza hunieleza nani atatengeneza kitu kikiharibika Februari, na vyumba vingapi vitakuwa vitupu. Vitupu vizimwe kimoja kimoja, bila kupasha moto jengo zima kwa ajili ya wageni wawili. Mabomba yalazwe kwa mteremko, yamwagwe maji yote kabla chumba hakijafungwa, kwani yakigandia humo bomba litapasuka na ukuta wote utalowa.