Acheni Kuuliza Kama Waandamanaji Walikuwa na Kibali

Maandamano yakivunjwa kwa vitoa machozi, swali la kwanza redioni, kwenye matatu na katika makundi ya WhatsApp huwa lilelile: "Kwani walikuwa na kibali?" Juzi nimelisikia kwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, kisha kwa mzee wa kanisa ninayemheshimu sana. Nilistahimili. Lakini jana limetoka kinywani mwa wakili mwenzangu, mtu wa kesi za jinai, anayesimama kortini kila siku, na hapo nimeona heri niandike.

Hakuna kibali. Katika Kenya hii hakuna OCS (mkuu wa kituo cha polisi), chifu wala kamishna wa kaunti mwenye mamlaka ya kumpa raia kibali cha kuandamana. Kitu hicho kilikuwepo, kikaondolewa mwaka 1997, na watu walikufa kabla hakijaondolewa.

Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo sisi tunaiita kwa namba yake, Sura ya 56, aliitunga mkoloni mwaka 1950. Uhuru ulipokuja tuliirithi. Ndiyo maana hata mbunge hakuweza kuhutubia watu waliompigia kura kama DC, yaani mkuu wa wilaya, hajampa leseni. Julai 1990 serikali ilikataa mkutano wa uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wanasiasa waliodai vyama vingi, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wakawekwa kizuizini siku chache kabla, watu wakajitokeza hata hivyo, na risasi zikapigwa. Hiyo ndiyo Saba Saba, tarehe saba mwezi wa saba. Miaka saba baadaye, baada ya wimbi jingine la mikutano na vifo, wabunge wa chama tawala, KANU, na wa upinzani waliketi pamoja katika kile kikao cha IPPG, kundi la wabunge wa vyama vyote, na Bunge likafuta leseni. Mahali pake ikawekwa notisi.

Sasa naomba mnivumilie hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi, wakiwemo wasomi, hupita mbio.

Sehemu ya 5 ya sheria hiyo inamtaka anayeitisha mkutano wa hadhara au maandamano amjulishe mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lile, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Notisi inataja jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe na saa (kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni), na mahali pa kukutania au njia itakayopitwa. Basi. Mkuu wa kituo akiipokea anatakiwa kuiandika katika daftari la umma. Anaweza kukwambia haitawezekana kama kuna mtu mwingine aliyetangulia kuleta notisi ya siku hiyohiyo na mahali palepale, na akisema hivyo lazima aseme upesi na kwa maandishi. Sheria haikumpa nafasi ya kuitazama ajenda yako na kuamua kama inampendeza.

Ukimwarifu jirani kwamba Jumamosi kuna harusi kwako, humwombi ruhusa ya kuoa. Unamwarifu asije akashtuka kuona magari yamejaa njiani.

Wengine huniambia, "Wakili, hayo ni maneno tu, leseni na notisi tofauti yake nini?" Tofauti inaonekana siku polisi wanaponyamaza. Enzi ya leseni, DC akikaa kimya maana yake ni hapana, nawe unarudi nyumbani. Leo OCS akikaa kimya, mkutano unaendelea. Enzi ile wewe ndiye uliyetakiwa kueleza kwa nini unastahili kukusanyika. Leo anayetaka kukuzuia ndiye anayetakiwa kujieleza, na ni lazima aonyeshe hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani. Intelijensia isiyotajwa chanzo wala maudhui haitoshi. Kilichobadilika mwaka 1997 ni nani anabeba mzigo wa kujieleza mbele ya mwenzake, raia au askari. Kisha ikaja Katiba ya 2010 ikayapigilia msumari mabadiliko hayo: Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama na mabango ya kupinga na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha, na Kifungu cha 19 kinasema wazi kwamba haki hizi ni za mtu mwenyewe, serikali haikumgawia.

Jirani zetu Tanzania walifika njia panda hiyohiyo. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu Dodoma kupinga sheria iliyotaka kibali cha mikutano, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akaamua kwamba sharti la kibali linakwenda kinyume cha katiba. Mtu mmoja alianzisha hilo.

Turudi kwetu, kituoni. Unafika na nakala mbili za notisi. Moja inabaki, nyingine unataka ipigwe muhuri wa kupokelewa. Afisa wa dawati anaisoma mara mbili, anainua simu, anakwambia bosi hayupo, urudi kesho. Kesho anakwambia urudi kesho kutwa, na ikifika kesho kutwa siku tatu za kisheria hazipo tena. Nimeuona mchezo huu katika vituo kadhaa na unachezwa vilevile. Kwa hiyo nawaambia wateja wangu hivi: nendeni wawili, andikeni saa mliyofika na namba ya utumishi ya afisa, ombeni jambo hilo liingizwe kwenye OB, daftari la matukio la kituo, na mpewe namba. Akikataa hata hiyo, acheni nakala juu ya dawati, kisha tumeni nyingine kwa kampuni ya vifurushi na mtunze risiti. Sheria inataka umjulishe. Haikusema lazima akubali kujulishwa. Kortini, ile risiti ya vifurushi imenisaidia kuliko hoja nyingi za kisomi.

Je, usipopeleka notisi? Hapa sitawaficha. Sura ya 56 inasema mkusanyiko uliokiuka utaratibu huo si halali, na anayeshiriki anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Kwa maoni yangu adhabu hiyo kwa mtu ambaye hakuumiza wala kuharibu kitu inavuka mipaka ya Kifungu cha 24, kinachotaka haki ipunguzwe kwa kiasi kinachohitajika tu. Lakini sheria bado iko vitabuni, nami nisingemwambia mteja aipuuze. Ila hata mkusanyiko uwe na kasoro ya karatasi, kasoro hiyo haimpi askari ruhusa ya kumpiga mtu risasi mgongoni. Na mwenye kupora duka akamatwe kama mporaji, maelfu wengine wasiingizwe katika kosa lake.

Kinachoniumiza katika lile swali la kibali ni kwamba linaulizwa na raia. Polisi wakilitumia naelewa, linawarahisishia kazi. Lakini mama mboga, mwalimu na mhubiri wanapouliza, wanaitekeleza sheria iliyofutwa mwaka 1997, bila mshahara na bila kujua. Waandamanaji wakishapigwa, jirani zao wanakuwa wameshatoa hukumu kabla hakimu hajafungua faili.

Kifungu cha 3 cha Katiba kinaweka wajibu kwa kila mtu kuiheshimu, kuitii na kuilinda Katiba. Kila mtu. Hakikusema kila wakili wala kila mwanaharakati. Mara nyingi naambiwa, "Hayo ni ya kina Omtatah." Okiya Omtatah alianza kwenda kortini kama raia wa kawaida asiye wakili, kabla hajawa seneta. Wale kina mama waliokwenda Uhuru Park mwishoni mwa Februari 1992 kudai wana wao waliofungwa kwa siasa walikuwa akina mama tu, wengi wao wa umri mkubwa. Wangari Maathai aliketi nao. Polisi walipowashambulia, baadhi yao walivua nguo kuwalaani askari, kisha wakahamia kanisa kuu la All Saints wakaendelea kukaa hadi wengi wa wafungwa wale wakaachiliwa. Ile kona ya bustani bado inaitwa Freedom Corner.

Wajibu wa Kifungu cha 3 haumlazimishi kila mtu kuingia barabarani. Kuna mwenye kisukari, kuna mwenye mtoto mchanga, kuna anayelala njaa asipofungua kibanda. Nao wana nafasi. Kifungu cha 22 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki zake, za mwenzake asiyeweza kwenda mwenyewe, au za umma, na kinasema kufungua kesi ya namna hiyo kusitozwe ada. Kanuni za mwaka 2013, tunazoziita Kanuni za Mutunga kwa jina la Jaji Mkuu wa wakati huo, zinaruhusu korti kupokea hata barua ya kawaida. Geoffrey Andare alishtakiwa kwa sababu ya chapisho la Facebook, akapinga sehemu ya 29 ya Sheria ya Habari na Mawasiliano iliyofanya kutuma ujumbe wa kuudhi kuwa kosa, na Aprili 2016 Mahakama Kuu ikaifuta. Wengi wanaoandika mtandaoni leo hawajui kwamba wanatembea kwenye njia aliyoifungua.

Ya kukamatwa nitayataja haraka maana nimeyasema sana: uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza na kuongea na wakili, ufikishwe kortini ndani ya saa 24, bondi ya polisi ni bure. Saa 24 zikiishia nje ya saa za korti, ni siku ya korti inayofuata, ndiyo sababu watu hukamatwa Ijumaa jioni.

Sasa mashaka yangu. Sehemu ya 5 iliandikwa kwa ajili ya mkutano wenye mwandalizi. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopingwa, vijana hawakuwa na mwenyekiti wala katibu. Waliitana kwa TikTok na X. Nani apeleke notisi? Julai mwaka huo kaimu Inspekta Jenerali Douglas Kanja alipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi akisema waandamanaji hawana kiongozi wa kuzungumza naye, na Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku hiyo. Nilifurahia amri ile, lakini swali lenyewe halijatulia akilini mwangu. Sheria inataka jina kamili na anwani ya mahali mwandalizi anapopatikana. Kufikia mwisho wa 2024, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 80 waliotekwa tangu Juni. Binti wa miaka 22 akiniuliza kama aandike anwani yake halisi kwenye karatasi atakayomkabidhi polisi, nimwambie nini? Kisheria jibu ninalo. Kama mzazi, ulimi unakuwa mzito. Nimewashauri wengine watumie anwani ya shirika au ya ofisi ya wakili, na sina uhakika kwamba hilo linatimiza sheria kikamilifu.

Shaka la pili ni kuhusu korti zenyewe, mahali ninapopatia riziki yangu. Mwaka 2018 wakili na mwanasiasa wa upinzani Miguna Miguna alifukuzwa nchini huku majaji wakiwa wametoa amri za kumlinda. Tunashinda kesi ya mateso, fidia inatangazwa, kisha mteja anasubiri miaka, na ikilipwa inatoka kwenye kodi yake na ya jirani yake, afisa aliyempiga hatoi senti. Simwambii mtu yeyote kwamba hukumu ni ngao. Hukumu ni ushahidi ulioandikwa kwamba jambo lilikuwa kosa, na hata hiyo hupatikana kwa mtu kukubali kuweka jina lake kwenye ombi.

Na kama mnadhani 1997 ilimaliza mambo, mwaka 2025 Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, Esther Passaris, alileta mswada wa kurekebisha Sura hii ya 56 ili watu wasikusanyike ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo yanayolindwa. Piga hesabu hizo katikati ya jiji uone unabaki na barabara gani. Kifungu cha 118 kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi, kwa hiyo miswada ya aina hii ikitangazwa, andikeni maoni. Ukurasa mmoja unatosha, Kiswahili kinakubalika. Tajeni kifungu cha mswada kwa namba yake, semeni kitamzuia nani kufanya nini, pendekezeni kifutwe au kiandikweje upya. Pelekeni kwa karani wa Bunge na mbaki na nakala yenye muhuri. Mswada ukipita hata hivyo na kesi ikafunguliwa, jambo la kwanza nitakalowaomba ni nakala hiyo, kwa sababu jaji atataka kuona kama Bunge liliambiwa na likajibu nini.