Kufunga laini pamoja: E1 nne zinavyokuwa njia moja

Laini ya kukodi ni njia ya mawasiliano ambayo kampuni ya simu inaitengea ofisi yako peke yake. Hugombanii na jirani, na bili inakuja kila mwezi, utumie usitumie. Kufunga laini ni kuchukua mbili au zaidi za namna hiyo na kuzifanya zifanye kazi kama njia moja pana.

Mambo haya yalianzia kwenye simu. E1, laini iliyozoeleka Ulaya na huku Afrika Mashariki, ilipimwa kwa ajili ya sauti: nafasi 32 za kilobiti 64 kila moja, jumla megabiti 2.048 kwa sekunde. (Marekani wana T1 yao ya tangu 1962, megabiti 1.544.) Ukitoka hapo, ukubwa unaofuata sokoni ulikuwa E3, megabiti 34. Sasa ofisi inayotaka megabiti 8 ifanye nini? Kulipia 34 ni kukodi lori zima kwa magunia mawili. Ikachukua E1 nne, ikazifunga.

Kazi yenyewe inafanywa na ruta mbili, yaani vifaa vinavyoelekeza data njia ya kupita, moja kwako na nyingine kwa mtoa huduma. Kwa utaratibu uitwao Multilink PPP, uliowekewa kanuni mwaka 1994, ruta moja inakata pakiti, yaani mafungu madogo ya data, vipande, inavipa namba na kuvitawanya kwenye laini zote. Ya pili inavipanga upya kwa kufuata namba. Ndiyo maana huwezi kufunga laini ukiwa upande mmoja tu, hata ununue ruta ya bei gani. Na laini moja ikiwa nzito kuliko wenzake, vipande vilivyotangulia vinakaa kuisubiri.

Piga hesabu, ukikumbuka baiti moja ni biti nane: faili la megabaiti 100 linachukua kama dakika sita na nusu kwenye E1 moja. Kwenye nne zilizofungwa, hata dakika mbili hazifiki. Moja ikikatika, kazi inaendelea kwa robo tatu ya kasi, ilimradi zote nne hazikuzikwa kwenye mtaro mmoja. Sururu ya mchimba bomba la maji haichagui.

Tangu nyaya za baharini zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ofisi nyingi zimehamia faiba na E1 zinasahaulika. Neno “kufunga laini” limebaki, na hapo ndipo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Ruta ya kawaida yenye matundu mawili ya intaneti haifungi laini, inagawa mzigo: wewe unapita huku, mwenzako kule. Kwa wafanyakazi ishirini wanaoperuzi inatosha kabisa. Lakini faili moja linapita laini moja, mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize muuzaji: nikipakua faili moja tu, napata kasi ya laini zote au ya moja?