Furaha ya kutumika: dhana tunazozibeba na ukweli wake

Kuna Wakristo wanaoacha huduma kimya kimya. Hawakugombana na mtu wala hawakupoa kiimani. Wamechoka tu, na juu ya uchovu wamebeba aibu, kwa sababu waliaminishwa kwamba mtumishi wa kweli hufurahi, nao hawakuwa na furaha. Nimekaa na kadhaa wao. Mara nyingi nilikuta kwamba mioyo yao ilikuwa mizima, ila walikuwa wamefundishwa vibaya maana ya kutumika. Nawaandikia hao kwanza.

Dhana: Kutafuta furaha katika huduma ni ubinafsi.

Wako wanaodhani kazi njema hupungua thamani pale anayeifanya anapoifurahia, kana kwamba Mungu hupokea tu kile kinachouma. Maandiko hayasemi hivyo. Zaburi ya 100 inatuagiza tumtumikie Bwana kwa furaha. Paulo anawaambia Warumi kwamba mwenye kurehemu arehemu kwa furaha, na Wakorintho anawaambia kwamba Mungu humpenda atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Alipokuwa akiagana na wazee wa Efeso kule Mileto, aliwakumbusha neno la Bwana Yesu kwamba ni heri kutoa kuliko kupokea. Neno hilo halimo katika Injili zote nne. Limetufikia kupitia Matendo 20:35 peke yake, na mimi humshukuru Mungu kwamba halikupotea. Yesu alisema wazi kwamba anayetoa ana heri, wala hakuona vibaya tuitamani heri hiyo.

Dhana: Ukiwa umeitwa kweli, utajisikia furaha muda wote.

Hii ndiyo inayoumiza wengi. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, maana kinatenga raha na furaha. Raha ni starehe ya mwili na nafsi, na huduma haikuahidi hiyo. Kumgeuza mgonjwa kitandani usiku hakuna raha. Kumsikiliza mtu mwenye uchungu akirudia habari ile ile kwa mara ya kumi hakuna raha. Furaha inaweza kuwapo hapo hapo, chini ya uchovu, na wakati mwingine hata mwenyewe haioni.

Mkumbuke Mama Teresa wa Kolkata. Alianzisha shirika lake la kuwahudumia maskini kabisa mwaka 1950, akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1979, akafariki mwaka 1997. Miaka kumi baada ya kifo chake barua zake za siri zilichapishwa, na watu wengi wakashtuka: kwa miongo kadhaa alikuwa akipita katika giza la ndani, akiomba bila kuhisi uwepo wa Mungu. Wapo waliosema basi alikuwa akiigiza. Mimi siamini hivyo. Mtu haigizi miaka karibu 50 kando ya watu wanaokufa. Uchangamfu aliowataka masista wake wawe nao aliuhesabu kuwa sehemu ya kujitoa kwao, na hakungoja hisia zimruhusu.

Waebrania 12:2 inasema Yesu aliustahimili msalaba kwa ajili ya furaha iliyowekwa mbele yake. Ilikuwa mbele yake. Usiku ule Gethsemane alichokuwa nacho ni huzuni nyingi, naye hakuificha kwa rafiki zake. Kwa hiyo ndugu, ukitumika leo huku moyo ni mzito, usijihukumu kuwa mnafiki.

Dhana: Mtumishi ni yule aliyesimama mbele.

Neno mtumishi limetupanda kichwani. Limekuwa cheo cha heshima, mtu huitwa hivyo akipita na watu wakimpisha, ilhali maana yake ni mtu anayetumika. Neno shemasi nalo, likifuatwa hadi asili yake katika Kisiria, maana yake ni mtumishi. Katika Matendo sura ya 6, Kigiriki kinatumia neno moja, diakonia, kwa mgao wa kila siku wa wajane na kwa huduma ya Neno waliyobaki nayo mitume. Kazi zilikuwa mbili, na zote ziliitwa huduma.

Bruda Lawrence, mtawa wa shirika la Wakarmeli kule Paris katika karne ya 17, alifanya kazi jikoni kwa miaka mingi, kazi ambayo kwa asili hakuipenda hata kidogo. Watu walimfuata kumuuliza siri ya amani yake, naye alisema kwamba katikati ya vyungu na kelele alikuwa na Mungu sawasawa na alipopiga magoti mbele ya Sakramenti.

Dhana: Mtumishi hutoa, hapokei.

Naomba nikae hapa kidogo, maana nadhani ndipo furaha ya wengi ilipopotelea.

Soma tena Yohana 13. Kabla ya kusema kwamba Yesu alijifunga kitambaa na kutia maji katika bakuli, Yohana anatuambia Yesu alijua nini: kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, kwamba alitoka kwa Mungu naye anakwenda kwa Mungu. Akijua hayo, ndipo akainuka kutoka chakulani. Hakuinama ili apate kuwa mtu. Hakuwa akitafuta kukubalika na wale kumi na wawili. Aliinama akiwa ameshapokea kila kitu, na kwa hiyo aliweza kuosha hata miguu ya Yuda.

Kisha anakuja Petro na kukataa. Kukataa kwake kunafanana na unyenyekevu, lakini Yesu alimjibu kwa neno kali: nisipokuosha huna shirika nami. Asiyekubali kuoshwa hana la kwenda kuwapa wenzake. Ndipo lilipokuja agizo la kuoshana miguu, na mwishoni ile ahadi ya mstari wa 17, kwamba wana heri wakiyatenda. Utaratibu wenyewe ndio huo: kuoshwa, kuosha, heri. Wengi wetu tumeruka hatua ya kwanza, tunaosha miguu ya watu huku yetu ina vumbi la miaka, halafu tunashangaa heri iko wapi.

Wala Yesu hakuona haya kuhudumiwa. Luka 8 inawataja Maria Magdalene, Yoana mkewe Kuza, Susana na wanawake wengine wengi waliomhudumia kwa mali zao.

Mimi hili lilinigusa nilipokuwa nikimtembelea mama mmoja mgonjwa. Nilikuwa nafika na shughuli zangu: kufagia, kuchota maji, kusoma Zaburi, kuomba, kuondoka. Siku moja alinishika mkono nikiwa tayari na ufagio, akasema, "Mwanangu, kaa kwanza. Leo nataka nikuombee mimi." Nilikaa. Aliniombea taratibu, akanitajia mambo niliyowahi kumwambia na mwenyewe nilikuwa nimeyasahau. Nililia sana. Miezi yote ile sikuwa nimempa nafasi ya kunipa chochote, na kumbe kumnyima mtu nafasi ya kutoa ni kumpunguzia hadhi yake.

Dhana: Kadiri unavyofanya mengi, ndivyo Mungu anavyokupenda.

Waefeso 2 inafunga mjadala huu: tumeokolewa kwa neema, na matendo mema ni njia tuliyoandaliwa tuenende ndani yake. Anayetumika ili apendwe hafurahi kamwe, maana hajui amefikisha kiasi gani.

Martha huwa tunamwonea katika mahubiri. Yesu hakumkemea kwa sababu ya kuhudumu. Alimwambia anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, na kusumbuka huko ndiko kulikomfanya amlalamikie dada yake mbele ya mgeni. Katika Yohana 12 tunamkuta tena Bethania, kwenye karamu nyingine, na Yohana anaandika kwa kifupi tu kwamba Martha alikuwa akiwatumikia. Safari hii Martha hamlalamikii yeyote. Napenda sana kwamba aliendelea na kazi ile ile.

Dhana: Kupumzika ni kumwibia Mungu.

Eliya alipojilaza chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumletea mahubiri. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Yethro alipomwona Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, alimwambia si vema, atajichosha yeye na watu wake pia. Na Yesu, watu wakiwa bado wanafika na kuondoka hata mitume wakakosa nafasi ya kula, aliwaita kando wapumzike. Mwenye huduma akikwambia pumzika, pumzika.

Dhana: Nitatumika nikishakuwa na uwezo.

Makanisa ya Makedonia yalitoa kutoka katika umaskini mkubwa, na Paulo anaandika kwamba yalitoa kwa wingi wa furaha. Anaongeza kwamba walijitoa nafsi zao kwanza kwa Bwana.

Dhana: Siku ya mwisho tutakuwa tumemlipa Mungu.

Katika Luka 12:37 Yesu anawasimulia watumishi waliokesha wakimngoja bwana wao. Anaporudi, wao ndio wangepaswa kumwandalia. Lakini Yesu anasema bwana huyo atajifunga mwenyewe, atawaketisha chakulani, naye atakuja kuwahudumia.